Siku Nilipomkana Baba Mkwe Darajani

Jina langu ni Selestini, lakini ukienda pale mpakani Rusizi ya kwanza ukamwuliza mchuuzi yeyote Selestini yuko wapi, atakutazama tu kama unayeulizia treni mahali pasipo reli, maana pale wananijua kwa jina moja, Sijuwe, na hata watoto waliozaliwa baada ya mkasa huu wananipigia kelele toka ng'ambo ya barabara, "Papa Sijuwe, jambo!", wala hawajui jina lilitoka wapi. Mimi najua. Nawasimulia nyinyi kwa sababu ni marafiki, na kwa sababu mtaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi na pilipili, basi afadhali niipakue mwenyewe, japo naona aibu hadi masikio yanawaka.

Wakati ule nilikuwa deklara, kazi ninayoifanya hadi leo, yaani mtu wa kusemea mizigo ya wafanyabiashara kwa watu wa forodha. Wanaleta magunia, mimi natangulia na karatasi, naulizwa kuna nini ndani, najibu: maharagwe, sabuni, vitenge, viatu vya mitumba. Kazi yote ndiyo hiyo, kujua kilicho ndani na kukitaja bila kutafuna maneno. (Msicheke bado.) Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu walikuwa wakimbizi wa zamani, na baada ya yale mauaji makubwa tulirudi upande huu wa mto pamoja na wengine wengi, mimi na mke wangu Vestine tukapanga Kamembe katika nyumba yenye mlango uliotobolewa na risasi za watu tusiowajua. Nchi ilikuwa kimya wakati ule, kimya kile cha nyumba ambayo wametoka kuzika, na watu waliaminiana kidogo sana, kwa hiyo ukisikia neno baya juu ya jirani lilikuwa linaingia moja kwa moja na kukaa, halibishi hodi.

Baba yake Vestine, Mzee Gaspari, hakurudi nasi. Alikuwa mzaliwa wa Nzahaha, ila alivuka mto akiwa kijana kwenda kusoma, akawa mpima viwanja, akazeekea Bukavu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye pete kidoleni iliyochorwa bikari, ile bikari ya kuchorea duara, na mara kwa mara alivaa suti yake nyeusi akaenda katika nyumba fulani kule Nguba, yeye na wazee wenzake, wakafunga mlango. Basi hiyo ilitosha. Mtaa mzima ulisema Mzee Gaspari ni framaso. Na framaso, tulivyokuwa tukisikia tangu utoto, ni watu wanaokunywa damu kwenye fuvu, wanaolala ndani ya jeneza kwa zamu, na kila mmoja wao lazima atoe kafara mtu wa nyumbani kwake ili aendelee kupata. (Kupata nini? Mzee Gaspari alikuwa na suti moja tu, na baiskeli isiyo na breki, lakini swali hilo halikunijia hata mara moja.)

Tungeweza kuishi hivyo, mimi namwogopa kwa mbali na namsalimia kwa heshima, kama si mtoto wetu wa kwanza. Tulimwita Alina. Vita vya kwanza vya ng'ambo vilipoanza na mizinga ikawa inasikika hadi Kamembe, wakwe zangu walikimbia wakaja kukaa kwetu, na ndani ya siku hizo hizo Alina, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila kuegemezwa, akashikwa na homa. Dawa hakuna, maduka yamefungwa. Mzee alitoka asubuhi kutafuta, akarudi mchana akihema, akaingia moja kwa moja chumbani, akaweka mkono wake wenye pete juu ya paji la uso la mtoto. Na mtoto alikuwa ameshakata roho kitambo kidogo kabla hajaingia, ila mimi nilikuwa mlangoni, niliona mkono ule na pete ile, na hiyo ndiyo picha iliyobaki kichwani mwangu.

Mtu akifiwa na mtoto anatafuta wa kumshika shati. Katika kikundi changu cha maombi kulikuwa na mwombezi mmoja, mama mwenye sauti nene, ambaye aliniuliza kwa upole sana, "Papa Alina, nani alimugusa mutoto mara ya mwisho?" Nikamwambia. Akafumba macho, akatikisa kichwa. Nilikwenda nyumbani nikiwa na jibu la kila kitu.

Wakwe zangu waliporudi kwao, sikukanyaga tena nyumba yao. Vestine alikwenda, mimi nilikuwa na kazi. Alipougua Mzee, tumboni, ugonjwa usiopona, Vestine akawa anavuka kila alipoweza, na mimi nilikuwa na kazi. Vita vya pili vikaja, mpaka ukawa unafungwa na kufunguliwa kama mlango wa jirani mgomvi, na mimi, ambaye nilipita pale kila siku na nikawajua askari wote kwa majina, nilimwambia mke wangu kwamba kuvuka ni hatari. "Hatari kwako au kwa nani?" aliniuliza siku moja. Nikajifanya sikusikia.

Mzee Gaspari alikufa msimu wa mvua, na alikuwa ameomba azikwe Nzahaha, kwenye shamba la wazazi wake. Nani wa kumvusha? Familia yote ilinigeukia. Nani mwingine, si ndiye deklara? Nikaandaa karatasi vizuri, nikakodi pikapu pamoja na dereva wake, tukavuka asubuhi kwenda Bukavu kumchukua.

Sasa hapa ndipo nilipofanya lile jambo dogo lililoniharibia maisha. Tulipofika msibani, watu wakaanza kuingia ndani kumuaga, na Vestine akanigeukia akasema, "Kuja basi." Nikamjibu kwamba nabaki nje kulinda gari, kuna wezi wa mafuta. (Wezi wa mafuta! Msibani, mchana, katikati ya watu wenye kulia!) Hakunibembeleza, aliingia peke yake. Mimi nikabaki nimeegemea pikapu, nikaona wazee watatu wenye suti za zamani wakifika na mkoba, mmoja wao akiwa Mzee Ramazani, fundi cherehani wa pale pale Kamembe, Mwislamu ninayemjua tangu turudi, wakawaomba watu wote watoke kidogo, wakafunga mlango. Wakakaa ndani. Mlango ulipofunguliwa, sanduku lilikuwa limeshapigiliwa misumari.

Tukaitwa wanaume tulibebe. Nikashika kona, nikajikaza kama anayeinua gunia la simenti, na nusura nianguke kinyumenyume, maana sanduku lilinyanyuka lenyewe. Lilikuwa jepesi ajabu. Kijana mbebaji wa pale mtaani, aliyeshika kona nyingine, akaninong'oneza, "Hii sanduku iko mwepesi sana. Baframaso habazikakwe, bwana. Benzabo banamuchukua, banaweka mugomba." Yaani framaso hazikwi, maiti hubebwa na wenzake, na mahali pake unawekwa mgomba. Nilishawahi kusikia hivyo pia. Njia nzima kushuka mpaka mtoni nilikaa nyuma ya pikapu na wafiwa wengine, wale wazee watatu wakiwemo, sanduku mbele ya magoti yangu, na kila gari liliporuka shimoni nilisikiliza linavyogonga, nikawa najiuliza, hiki ni kishindo cha mtu au cha mgomba?

Upande wa Kongo tulipita vizuri. Tukavuka daraja polepole, mbao zikilia chini ya magurudumu, tukafika kizuizi cha upande wetu. Siku ile ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo barabara ilijaa, mama wa nyanya, mama wa sambaza na mabeseni yao ya samaki wadogo, wabebaji na magunia migongoni, wote wakangoja kwa heshima msiba upite. Askari mmoja mrefu, mpole, ninayemfahamu vizuri, alikuja, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni sana. Ni nani huyu?"

Angalieni, hakuuliza kuna nini. Aliuliza ni nani. Na karatasi ilikuwa mkononi mwangu, jina limeandikwa kwa mashine. Watu wote garini walinitazama mimi, maana ndiyo kazi yangu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Sijuwe."

"Hujui nini?"

"Sijuwe kama ni yeye." Na badala ya kunyamaza, nikaongeza, "Banasema ni baba mkwe."

Sijui kama nyinyi mnakumbuka siku zile zilivyokuwa. Kila wiki kulikuwa na habari ya watu wenye silaha kupenya kutoka ng'ambo, bunduki zimefichwa ndani ya mihogo, risasi ndani ya mkaa, halafu anatokea mtu wa mpakani mwenyewe, deklara, anasema hajui kilicho ndani ya sanduku alilolileta. Yule askari alirudi nyuma hatua chache, uso wake ukabadilika, akavaa kofia. "Shukeni wote! Mikono juu!" Akapiga filimbi. Wengine wakaja mbio. Tukashushwa, tukapangwa kando ya barabara, mama mkwe wangu akiwa ameshikwa na Vestine huku akijaribu kuinua mikono yake myembamba, na hiyo mikono, ndugu zangu, naiona hadi leo.

Mkubwa wao akaja. "Nani alifunga hili sanduku?"

Ningeweza kusema mimi, ningeweza kucheka nikasema samahani afande nimechanganyikiwa na msiba, yangeisha pale pale. Lakini mtu akianza kuteremka kilima hicho miguu inakimbia yenyewe. Nikanyoosha kidole nikawaonyesha wale wazee watatu. Wakakalishwa chini kwenye vumbi na suti zao, na Mzee Ramazani, aliyekuwa amevaa kofia yake ya Kiislamu iliyofumwa kwa mkono, alinitazama bila hasira yoyote, alinitazama kama unavyotazama nguo iliyokatwa vibaya.

Kisha yule mkubwa akaagiza nyundo, akanikabidhi mimi. "Wewe ndiye usiyejua. Fungua, ujue."

Nyundo ikawa inagonga kando ya msumari, nikapinda mmoja, nikapinda mwingine, nikapasua ubao wa mfuniko, na wakati wote huo nilikuwa nasali kwa sauti, nasikia nilikuwa nakemea pepo kwa Kifaransa, lugha ambayo hata siijui vizuri. Watu wakasogea. Wabebaji wakapanda juu ya magunia yao ili waone. Mfuniko ulipoachia ulitoa mlio, kweeek!, kama kitu kilichokuwa kikizuia pumzi, na mimi nikapiga ukelele wa ajabu, nikaruka nyuma, nikakaa chapwa! ndani ya beseni la sambaza la mama mmoja.

"Samaki zangu! We baba, samaki zangu!"

Kuna waliocheka. Nilibaki nimekaa mle, matako yamelowa, samaki wameniingia hadi mifukoni, na kutoka pale nilipokuwa sikuona ndani ya sanduku. Nilimwona mama mkwe akisogea, hakungoja ruhusa ya askari, akainama, akamtengeneza mumewe kola ya shati. Halafu akanigeukia.

"Njo yeye," akasema, yaani ndiye. "Simama umuangalie. Kisha ufunike."

Nikasimama, nikamwangalia. Alikuwa Mzee Gaspari, mtu yule mrefu, ila alikuwa amebaki mifupa na ngozi, suti yake ile moja imemzunguka kama ya kuazima, mashavu yameingia ndani, na viganja vyake ndani ya glavu nyeupe vilikuwa vidogo kama vya msichana. Sikuwa nimejua kwamba ugonjwa ulimla kiasi kile. Ndiyo maana lilikuwa jepesi. Mtu yeyote aliyewahi kumtembelea hata mara moja mwaka ule angejua kwa nini lilikuwa jepesi.

Lakini haikuishia pale, maana kiunoni alikuwa amefungwa vazi jeupe, kama aproni ya mpishi, lenye utepe wa buluu na ile bikari imeshonwa, na mmoja wa wabebaji waliokuwa juu ya magunia akaliona, akapaza sauti, "Framaso! Ni framaso!" Basi. Watu walikimbia kama bomu limeanguka, nyanya zikabiringika mpaka mtoni, mwenye gunia akaacha gunia. Dereva wetu alikuwa tayari anawasha gari, akasema yeye hapakii shetani, na kabla hatujamshika akateremsha sanduku barabarani, yeye na turnboy wake, yule msaidizi wa gari, wakitumia miguu, wala si mikono, wakaondoka.

Askari ndio waliobaki na heshima. Yule mrefu aliomba radhi kwa mama mkwe, akawainua wazee, akapangusa vumbi kwenye magoti ya mmoja wao. Mvua ikaanza. Mfuniko ulikataa kufunga, nilikuwa nimeshaupasua, kwa hiyo tuliufunga kwa kamba ya katani, ile ya magunia, na Mzee Gaspari, aliyepima viwanja vya nusu ya Bukavu kwa mstari ulionyooka, akakaa kando ya ofisi ya forodha amefungwa kamba kama bidhaa iliyokosa vibali, huku mkewe amekaa karibu naye na mwavuli, akimkinga yeye, si nafsi yake.

Mzee Ramazani alipanda Kamembe kwa miguu katika mvua ile, akarudi na lori la mkaa la rafiki yake. Tulifika Nzahaha jua likikaribia kuzama, na habari ilikuwa imetutangulia. Wachimba kaburi walikuwa wamekwenda zao, wakaacha majembe. Ndugu wa ukoo walisimama mbali, kwenye migomba, mikono kifuani. Walioshika kamba kumteremsha Mzee walikuwa wale wenzake watatu, Vestine, na mama mkwe mwenyewe. Niliposogea kuchukua upande wa mama, Vestine alisema, si kwa kelele, lakini wote kwenye migomba walisikia, "Wewe usimuguse."

Nikasimama pembeni, nanuka samaki, mpaka udongo ukaisha.

Vestine hakurudi Kamembe. Alikwenda kukaa na mama yake, akachukua na watoto waliozaliwa baada ya Alina. Nami nilibaki na ile nyumba yenye mlango uliotobolewa, na jina jipya mpakani. Mtu angedhani aibu hiyo ingenifungua macho pale pale. Wapi! Kilichonifungua macho ni sifa.

Jumapili iliyofuata kikundi changu cha maombi walinipokea kwa vigelegele, nimemfichua framaso mchana kweupe! Wakaniita mbele nishuhudie. Nikasimama, yule mwombezi mwenye sauti nene akaniuliza, "Papa, ulikuta mugomba?"

"Hapana," nikasema. "Nilimkuta baba mkwe."

Nikaongeza, "Alikuwa yeye. Alikonda tu."

Yule mama akatabasamu kwa huruma. "Ooh, banajuaka kazi yabo. Balibadilisha mugomba, ukaonekana sawa muntu." Na watu wakasema amina.

Nilishuka, nikakaa, na kitu kikaanza kunitafuna. Nilifikiria, kama ningekuta mgomba, wangesema si mnaona, ni framaso. Nimekuta mtu, wanasema si mnaona, ni framaso. Sasa ningekuta nini ndani ya sanduku lile ndipo waseme tumekosea? Nikatafuta, nikatafuta, sikupata kitu. Na halafu, nikiwa pale kwenye benchi, watu wanaimba, nikaliona lile lingine ambalo sikutaka kuliona, kwamba mkono juu ya paji la uso la mtoto nao ulikuwa hivyo hivyo. Mzee asingemgusa, ningesema ona, hamjali hata mjukuu wake. Alimgusa, nikasema alimtoa.

Nilikwenda kwa Mzee Ramazani nikiwa nimejiandaa kupiga magoti. Alikuwa anashona sare za shule, hakusimamisha cherehani.

"Mzee, nisamehe."

"Miye si mujane wake. Uwaombe wenye kufiwa."

Nikakaa kwenye kibenchi cha wateja. Nikamwuliza, maana sikujua niulize nini kingine, siku ile walipofunga mlango walikuwa wanamfanyia nini. Akaendelea kukanyaga, kitambaa kinapita, mpaka akafika mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Tulimuvalisha vazi yake na glavu. Halafu tukalia," akasema. "Wazee hatupendi kuonekana tunalia. Njo sababu ya mlango."

Akaniambia nikitaka kurudi nirudi, ila kila nikija nilete jambo moja ninaloliamini juu ya watu, na nimwambie nani aliliona kwa macho. Nikarudi. Nilileta ya fuvu: niliambiwa na mjomba, naye aliambiwa kambini na mtu aliyeambiwa. Nilileta ya yule kikongwe wa Gitambi ambaye kijiji cha mama yangu kilimwita mlozi, na tulipochambua tukakuta kosa lake ni kwamba watoto wake wote walikufa yeye akabaki. Nilileta ya bundi, kwamba akilia juu ya paa mtu anakufa, Mzee akacheka kidogo. Kazi hiyo ilikuwa ya huzuni, jamani, msidhani ni raha. Ni kama kutoa samani nje ya nyumba yako moja moja, unaona zote zilikuwa zimeliwa na mchwa, na mwisho unabaki umesimama katikati ya chumba kitupu.

Siku moja nikajikaza nikasema, "Naaminia Mzee Gaspari alimutoa mutoto wangu."

Cherehani ilisimama. "Nani aliona?"

"Miye. Niliona mkono."

"Uliona mkono. Na mkono mwingine ulishika nini?"

Nikataka kusema sijui, nikaogopa neno lenyewe. Na kumbe nilijua. Mkono mwingine ulikuwa na chupa ya dawa. Aliiweka juu ya meza, Vestine akaitunza muda mrefu haijafunguliwa, niliiona kila nilipopita, siku zote hizo. Mzee Ramazani akaniambia kwamba asubuhi ile walikwenda pamoja kugonga kila duka la dawa Kamembe, kisha Gaspari akaendelea peke yake kwa miguu hadi kituo cha afya cha mbali, akarudi akikimbia, mzee wa umri ule. Nililia kwenye sare za shule za watu.

Miaka ilipita kabla sijathubutu kuomba niingie kwa wale framaso wenyewe. Walinijibu kwamba hawana kinyongo, ila mjane wa ndugu yao lazima aulizwe. Nilikwenda kwa mama mkwe, akanisikiliza, akasema, "Bakupokee. Pengine batakutengeneza." Hakunikaribisha chakula. Basi nikapokelewa, na nawaambia kwa kuwa najua mnataka kuuliza: nilichokikuta ni wazee wachache, viti vya kuazima, paa linalovuja na hotuba ndefu, na jaribu langu kubwa lilikuwa usingizi. Kulikuwa na Mkatoliki, Mprotestanti na Mwislamu, watu wa pande zilizokuwa zinauana nje ya mlango ule, wameketi wanabishana kwa adabu, na hakuna aliyeruhusiwa kusema jambo kwa sababu tu alisikia. Bado nasali, bado ni Mkristo. Siwaambii muende huko. Nawaambia tu nilichokiona, na safari hii nilikiona mwenyewe.

Vestine alikuwa amesharudi nyumbani wakati huo, kwa sababu ya watoto wetu, na kwa sababu maisha ni marefu. Hatukugombana, ila kuna chumba ndani yake ambacho sijaingia tena. Jioni niliyotoka kupokelewa nilimkuta anachagua maharagwe. Nilikuwa na furaha kama mwanafunzi aliyeshinda mtihani, nikamwambia nimepokelewa.

"Balikufundisha nini?"

"Kuuliza," nikasema. "Kuuliza kwanza, kabla ya kuamini."

Akatupa jiwe dogo nje ya mlango, akaendelea kuchagua.

"Papa alikuwa pale miaka yote," akasema. "Ungemuuliza yeye."

Tangu siku hiyo nimeapa, na kiapo nimekishika: nikisikia jirani anasemwa vibaya, naacha kazi, navaa viatu, nakwenda kubisha hodi kwake na kukaa naye mpaka nimwone vizuri. Wengi nawakuta wazima, wananipa kiti, tunazungumza. Vestine ananiona nikitoka, anaendelea kuchagua maharagwe.